Theopista Wawili, Nyumba Moja

Walinizika mwezi wa Agosti, mwaka sabini na nne. Sikuwepo, lakini nimesimuliwa mara nyingi mpaka nakijua kilio changu kuliko walioalikwa. Walichimba shimo fupi nyuma ya nyumba yetu kule Ugalla, wakalaza ndani mpini wa jembe langu uliofungwa kwa kanga yangu, wakafukia. Walilia siku nne. Wakanyoa nywele. Mdogo wangu Telesphor alichinja mbuzi, na hakuwa na mwingine. Nayasema haya mapema ili usije ukadhani ndugu zangu walikuwa watu wabaya. Walinilia vizuri, sina lawama kwa hilo.

Jina langu ni Theopista. Nilizaliwa tarehe ishirini Septemba, na zama hizo mtoto wa Mkatoliki hakupewa jina na wazazi wake, alipewa na kalenda. Baba alitembea siku mbili kwenda misheni, na mama nyuma yake kanibeba mgongoni. Padre mwenye ndevu akafungua kitabu, akakuta siku niliyozaliwa ni ya Mtakatifu Eustaki na wenzake. Akauliza, wa kiume au wa kike? Wa kike. Basi akachukua jina la mke wa Eustaki, akanimwagia maji. Baba alishindwa kulitamka njia nzima ya kurudi. Nyumbani likawa Tiopista, na watoto wenzangu, ambao hawana subira na majina marefu, wakaniita Pista.

Maana yake nilielezwa nikiwa mkubwa, na katekista wetu Evodi, mtu ambaye hueleza hata kabla hujauliza. Alisema ni jina la Kigiriki: mtu aliyemwamini Mungu, mwaminifu asiyetikisika. Akanisimulia na habari za mwenye jina. Theopista yule alikuwa mke wa jemadari wa Rumi. Walibatizwa nyumba nzima, mali yao ikaisha, wakapanda merikebu kukimbia aibu. Nahodha akamtamani mama, akamzuia, akawashusha mume na watoto wawili. Miaka mingi ikapita, kila mmoja akidhani wenzake wamekufa. Halafu siku moja wakakutana, mume akamtambua mke, watoto wakamtambua mama yao.

"Na mwisho wao?" nikamwuliza.

Evodi akakohoa. Mwisho wao kaisari aliwatia wote wanne ndani ya ng'ombe wa shaba, akakoka moto chini yake.

Nilicheka, nikamwambia kwa jina kama hilo bora padre angenipa la siku iliyofuata. Lakini ukweli nililipenda. Theopista wamejaa kuanzia Karema mpaka Inyonga, ukiita gulioni wanageuka watatu. Ila katika ukoo wetu nilikuwa peke yangu, na sikuwa na kingine. Niliolewa, nikakaa kwa mume miaka sita bila kushika mimba, nikarudishwa nyumbani na sanduku langu na ndoo yangu. Mwanamke wa namna hiyo kwetu anabaki na jina lake tu, na akifa linakwenda naye, maana hakuna wa kumtaja.

Sasa niseme nilivyokufa.

Mwezi wa sita mwaka huo tulikuwa kambini msituni, wanaume wanarina asali, mimi nawapikia. Usingizi ukanianza. Nilikuwa nasinzia mchana kweupe, mwiko mkononi, ugali unaungua. Wakanicheka kwanza, wakasema Pista amekuwa mvivu. Kisha nikaanza kutukana watu bila sababu, kisha miguu ikakataa. Ndipo wakajua ni malale. Likapita lori la mbao, Telesphor akalisimamisha, akanipakia juu ya magogo nipelekwe hospitali. Juu kulikuwa tayari na mwanamke mwingine mwenye malale, naye wa Ugalla, wa kambi ya mbele. Telesphor alitaka kupanda, dereva akasema nafasi imekwisha.

Mwenzangu alifia njiani. Walimfunika kwa kanga yangu mpaka walipofika, na dereva aliporudi msituni aliikabidhi kanga ile kambini kwetu, akasema mwanamke wa Ugalla amefariki, amezikwa huko huko. Hakudanganya. Alikuwa amebeba wanawake wawili wa Ugalla, na mtu anayebeba magogo hajisumbui kuuliza gogo hili ni la nani. Telesphor aliitambua kanga. Nani angehitaji ushahidi zaidi?

Mimi nilikuwa nachomwa sindano. Dawa ya malale inapita kwenye mshipa kama pilipili, na wengine huwaua yenyewe kabla ya ugonjwa. Miezi mitatu sikujua mimi ni nani. Manesi waliniita Ugalla, kwa kuwa ndilo neno pekee lililoandikwa juu yangu. Asubuhi moja nesi ananiogesha, jina likanijia mdomoni lenyewe, nikalisema kwa sauti: Theopista. Lilikuja kabla ya sura ya mama yangu, kabla hata sijakumbuka kwamba nina nyumbani. Nililia kwa furaha, na nesi akalia pamoja nami, akalifuta lile neno Ugalla kwenye kadi.

Akaniandikia na barua. Haikujibiwa, tukaandika nyingine. Hatukujua kwamba Operesheni Vijiji ilikuwa imepita kwetu, watu wamehamishwa wote kupelekwa barabarani, na nyumba zimetiwa moto ili mtu asirudi nyuma. Barua zangu zilikuwa zinatafuta kijiji ambacho kimekuwa majivu.

Niliruhusiwa kuondoka mwezi wa kumi na moja mwaka uliofuata. Nikapanda treni ya Mpanda, nikashuka Ugalla, nikatembea hadi kwetu. Nikakuta kuta nyeusi na mchicha umeota mpaka mlangoni. Nilikaa pale nikiwa sijui nielekee wapi, ndipo akatokea mzee Manyanda, mrina asali aliyenijua tangu utoto, kabeba mzinga begani. Aliponiona aliutupa mzinga, akakimbia. Nikamwita kwa jina, akazidisha mbio. Alisimama mbali kabisa, kilimani, akanipigia kelele kwamba ndugu zangu wako kijiji kipya cha barabarani, niende huko nikawasumbue wenyewe, yeye hakunikosea kitu. Hata leo nikikumbuka hapo nacheka, na ndipo mwisho wa kucheka katika habari hii.

Kijiji kipya kilikuwa nyumba zimepangwa mstari mmoja kama shanga, kila moja na namba mlangoni, na jirani akikohoa unamsikia. Nilifika alasiri, mvua inanyunya. Mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwa kikwetu, alikuwa barazani anapukuchua mahindi. Aliinua macho, akanitazama. Hakupiga ukelele. Aliweka gunzi chini polepole.

"Simama hapo hapo," akasema. "Baba yako alifia kwenye mkono wangu upi?"

"Baba alifia kwenye mkono wako wa kushoto, Mayu, kwa sababu wa kulia ulikuwa umeungua na uji."

Akaja. Akanishika mikono, akanishika masikio, akanusa kichwa changu kama mtoto mchanga. Ndipo akalia, tukalia wote wawili tumekaa kwenye matope. Nikamwambia, "Ni mimi, Mayu, ni mimi Theo..."

Akanifunga mdomo kwa kiganja chake.

"Usilitaje," akasema. "Nakuomba, mwanangu. Usilitaje hapa."

Mlangoni alikuwa amesimama wifi yangu Klementina, mke wa Telesphor, kabeba mtoto wa kike wa miezi sita. Uso wake ulikuwa umekauka kwa hofu. Alimkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili, kana kwamba nimekuja kumchukua.

"Huyu," Mayu akasema, "ndiye mwenye jina."

Nilielezwa ndani, tumekaa karibu na moto. Mtoto alizaliwa mwezi wa tano, akakataa titi. Kwetu mtoto akikataa titi halitazamwi tumbo, hutazamwa jina: kuna marehemu anataka kurudi nyumbani, na mtoto hatanyonya mpaka aitwe huyo. Mayu alimpakata siku tatu akiyataja majina ya wafu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, akiwaanza wa zamani. Mtoto analia tu, sauti inakwisha. Siku ya tatu Mayu akataja la mwisho, ambalo alikuwa ameliogopa. Akasema Theopista, na mtoto akashika titi.

"Niliona kwa macho yangu," Klementina akasema. "Alinyonya mpaka akasinzia."

"Wewe hukuacha mtoto," Mayu akaniambia. "Nilijua nikifa mimi, hakuna atakayekutaja. Nilitaka niwe nakusikia ukiitwa humu ndani."

Ungemjibu nini mama wa namna hiyo? Alinipenda mpaka akaniharibia. Jina lililoitikiwa namna ile huwa la mtoto kabisa, kwa sababu mwenyewe yuko chini ya ardhi hana haja nalo. Wangekuwepo Theopista ishirini kwenye nyumba nyingine, isingekuwa neno. Ila ndani ya nyumba moja, mwenyewe akiwa hai na anaitwa, jina litavutwa huku na huku, na atakayeshindwa kulishika ni yule mwenye mikono midogo. Hivyo ndivyo walivyoamini, na mimi nilikulia imani hiyo hiyo, nisijifanye mjanja.

Basi wakaniita Mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na jembe nilipewa, nikalima pamoja nao. Chakula nilipewa, mahali pa kulala nilipewa. Telesphor, ambaye nilimbeba mgongoni alipokuwa mdogo, alisema "Dada" akaishia hapo. Majirani walisema "yule". Nilipigana na sindano miezi kumi na sita ili nirudi kwetu na jina langu, nikafika nikaambiwa jina lina mtu.

Na mtoto, nikuambie ukweli, alinipenda. Klementina akienda shamba hakuwa na wa kumwachia ila mimi, maana Mayu macho yalikuwa yamepungua. Nilimfunga mgongoni, nikamwimbia. Nilimwita, "Theopista!" na yeye anageuka, anacheka, meno mawili chini. Kila mara moyo wangu uligeuka pia kabla haujakumbuka kwamba sikuitwa mimi. Nilimwonea wivu mtoto wa miezi saba. Nimeliungama hilo kwa mapadre watatu, na bado nalisema.

Nikaenda kwa Evodi. Naye alikuwa amehamishwa, na kigango chake sasa kilikuwa banda la nyasi pembeni mwa kijiji. Nikamweleza yote. Alikasirika kwa niaba yangu, jambo ambalo hakuna mwingine alikuwa amelifanya, nikamshukuru moyoni.

"Kwenye kigango hiki nina Maria kumi na mmoja," akasema. "Mama mmoja na bintiye wote ni Maria, na wote wananyonya na kula. Mungu hachanganyi watu. Ulibatizwa, jina ni lako mpaka kaburini. Kaburi la kweli, siyo lile la mpini."

Jumapili, tarehe kumi na nne Desemba, baada ya sala, akasimama mbele akawasimulia watu habari za mtakatifu wangu: jinsi alivyopotea, jinsi watu wake walivyodhani amekufa, jinsi alivyotambuliwa na kupokelewa. Kisha akanitazama, akaita kwa sauti ya kanisani:

"Theopista, simama."

Nikasimama. Watu wote wakageuka. Mwaka na nusu sikuwa nimeitwa na mtu wa kwetu. Nilifurahi, sitadanganya. Nikamtafuta Mayu kwa macho, nikaona ameinamisha kichwa. Pembeni yake Klementina alikuwa amemfunika mtoto masikio kwa kanga.

Jumanne mtoto akashikwa na homa.

Macho mekundu, makamasi, kikohozi kikavu. Nilikaa hospitalini muda mrefu, nilikuwa nimeona watoto wodini. Na tena surua ilikuwa tayari imeingia nyumba tatu za mwisho wa mstari, kwa sababu ukishawapanga watu ukuta kwa ukuta ugonjwa hauhitaji miguu. Nikawaambia, hii ni surua, tumpeleke zahanati. Zahanati ilikuwa mbali, unaondoka alfajiri unafika saa nane mchana, lakini ilikuwepo.

"Zahanati!" Klementina akasema. Hakupandisha sauti. "Jumapili umesimama umelichukua mbele za watu. Jumanne mtoto anaungua. Halafu unataka nimpeleke porini kwenye mvua. Wifi, nyie mnaotoka kwa wafu mna haraka gani na mwanangu?"

Telesphor alitazama chini. Siku mbili walimkanda mtoto kwa majani, wakamnong'oneza jina lake sikioni asubuhi na jioni, limshikilie. Ijumaa vipele vikatoka, uso mzima na kifua. Ndipo Telesphor akanifuata shambani. Alikuwa na aibu, akawa anaongea na jembe lake.

"Dada, limebaki jambo moja. Ulikatae. Kwa mdomo wako, sisi tukisikia, na yeye akisikia. Useme siyo lako."

Hapa nisikilize vizuri, maana yote yaliyobaki yanatoka hapa.

Walikuwa wananihitaji. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi, kulikuwa na kitu ambacho mimi peke yangu ningeweza kuwapa. Ningeweza kusema: nitalikataa, lakini kwa sharti kwamba kesho alfajiri tunampeleka zahanati. Telesphor angekubali. Klementina angekubali, angekubali lolote saa ile. Sharti lilikuja mpaka kwenye ulimi. Nikalimeza. Nilitaka wanione mwema, nilitaka nitoe bure, ili waseme, tazama dada yetu alivyotupenda. Nilitaka kupendwa, basi.

Tukakaa karibu na meko, mchana ule ule, mlango umefungwa. Nikaushika mkono wa mtoto, ulikuwa wa moto kama jiwe la mafiga. Nikasema walichonifundisha niseme: "Mimi siyo Theopista. Theopista alikufa, mlimlilia, mlimzika. Mimi ni mpita njia mliyemhurumia. Jina ni la huyu, namwachia, silidai leo wala kesho." Nilisema mara tatu. Mayu akalia. Klementina akainama akanishika miguu, mtu ambaye wiki nzima hakunipa hata chumvi mkononi.

Na mtoto akapata nafuu. Ndiyo. Jumanne homa ikashuka, vipele vikaanza kufifia, akanyonya, akakaa. Nyumba ile ilivyofurahi sijaona tena. Siku ya Noeli Mayu alichinja kuku, akanipa mapaja yote mawili. Klementina aliniletea maji ya kunawa, akapiga goti. Majirani walipita kutazama mtoto, wakanisalimia kwa heshima kama mtu aliyefanya kazi kubwa. Neno zahanati halikutajwa na yeyote, na mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kutaka kulitaja. Wodini nilikuwa nimeona watoto wanaopona vipele halafu kifua kinawageukia. Nililijua hilo. Lakini paja la kuku lilikuwa tamu, na nikaanza kuamini nami kwamba maneno yangu yamemponya.

Jumamosi asubuhi nikamsikia anavyopumua.

Ilikuwa pumzi fupi, ya haraka, na chini ya mbavu ngozi inaingia ndani kila akivuta. Pua zinapanuka. Sikungoja kuulizwa. Nilipiga kelele, nikamwambia Telesphor, sasa hivi, zahanati, hakuna jina hapa, ni kifua. Safari hii walinisikiliza wote. Ndivyo ilivyo: nilipokuwa na jina hawakunisikiliza, nilipolikataa nikawa mtu wa kusikilizwa, na siku nne nzima nilikuwa nimekaa na heshima hiyo nikila kuku.

Tuliondoka watatu. Telesphor mbele anapasua nyasi zilizoinamia njia kwa mvua, Klementina katikati kamfunga mtoto mgongoni, mimi nyuma. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa namwona. Nilikuwa naangalia mguu wake mdogo uliochomoza kwenye kanga. Mwanzoni ulikuwa unakunja vidole kila akikohoa. Tukavuka kijito cha kwanza, bado. Baada ya kijito cha pili akaacha kukohoa, Klementina akasema, "Amelala, ashukuriwe Mungu," akaongeza mwendo. Mguu ukawa unacheza kwa mwendo wa mama yake tu, kushoto, kulia.

Nilijua. Sikusema. Nilitembea nyuma yao hatua mia, labda mia mbili, namwacha mama yake awe na mtoto hatua hizo. Kisha nikamgusa bega.

Tulirudi kwa njia ile ile. Klementina alikataa kumfungua mgongoni mpaka nyumbani.

Tulimzika Jumapili. Evodi alisali, sauti yake imepungua, na baadaye akaja kuniambia kwamba ni surua, Theopista, ni surua tu, usijitwishe. Niliondoka akiwa bado anasema. Wanawake walikuwa wamejaa uani, na walivyolia ndivyo tunavyolia kwetu, kwa kuita jina. "Theopista weee! Theopista mama, umetuachia nani! Theopista, rudi!" Mstari mzima wa nyumba uliitikia. Nami nikalia pamoja nao, nikaita jina lile kwa nguvu zangu zote, na nilikuwa namwita yeye, sikuwa najiita. Nilimpenda mtoto yule. Kama hutaki kuamini, usiamini.

Siku ya nne matanga yakaanuliwa. Watu wakatawanyika, nyumba ikabaki na wenyewe. Mvua ilikuwa imeacha kidogo. Klementina alikaa kwenye kona na kifua kilichojaa maziwa, amejifunga kitambaa kukikaza, nguo yake imelowa hata hivyo. Telesphor alikuwa anatazama mlango. Mayu alipika mwenyewe, macho yake yale mabovu, akapapasa sufuria, akapakua ugali na mlenda. Mimi nilikuwa nje barazani, nilikuwa sijui kama nina haki ya kuingia.

Nikasikia ananiita kutoka ndani.

"Theopista! Njoo ule, mwanangu."

Ilikuwa sauti ileile aliyoniitia nikiwa mdogo, ya kuita mtoto aliyekaa na njaa. Mayu hakuwa na hila. Jina lilikuwa halina mtu, na yeye alikuwa amebakiwa na binti mmoja. Kupitia mlangoni nilimwona Klementina ameinua kichwa. Alikuwa ananitazama machoni, anangoja aone kama nitaitika.

Nilikuwa nimesema silidai leo wala kesho. Nilisema mara tatu, nimeshika mkono wa mwanawe.

"Theopista," Mayu akaita tena, na sasa sauti ilitetemeka, kwa sababu alikuwa ameanza kuogopa kwamba hata mimi sipo.

"Abee, Mayu," nikaitika.

Klementina akainuka, akapita mbele yangu bila kunigusa, akatoka nje. Kesho yake alirudi kwao, na hakurudi tena kwa Telesphor. Mimi niliingia, nikanawa, nikakaa chini karibu na mama yangu. Nilikula ugali wote aliopakua. Nilikuwa na njaa.